Mpira Unaovutika Mara Tatu

Leo nimeingia studio na mkasi, rula ya shule, na vipande viwili vya vitu ambavyo havikosekani nyumbani. Kimoja nimekikata kwenye tyubu ya baiskeli iliyokwishajaa viraka. Kingine nimekikata kwenye soli ya ndala, zile nyepesi za povu ambazo ukizidondosha mtoni zinaelea zikuage. Fundi mitambo ananitazama kupitia kioo, nadhani anasubiri nitoe gundi nianze kuziba pancha. Asubiri tu. Mazungumzo yetu leo ni ya ushuru wa forodha, na mkasi huu nimeubeba kwa sababu ya ushuru.

Msikilizaji, fikiria kontena limeshuka bandarini Dar es Salaam. Ndani mna marobota ya kitu cheupecheupe, kizito, ukikibonyeza kwa dole gumba kinabonyea na kunata kidogo. Mwenye mzigo anasema huo ni mpira wa kutengenezwa kiwandani, ule usiotoka kwenye mti. Afisa forodha anatakiwa aamue: ni mpira kweli, ni plastiki, au ni mpira ambao tayari umeshachanganywa dawa? Kila jibu lina namba yake kitabuni, na kila namba ina ushuru wake. Wengi hudhani anaamua kwa macho. Wengine hudhani anasoma tu kilichoandikwa kwenye ankara. Wenye ulimi mrefu husema anamtazama mwenye mzigo kwanza, kisha ndio mzigo. Lakini kitabu chenyewe kimeweka mtihani, na mtihani huo ni wa kuvuta.

Redio haina picha, kwa hiyo nitakuwa nasema ninachofanya. Kwenye kipande cha tyubu nimeweka alama mbili za kalamu, kutoka alama hadi alama ni sentimita 10. Navuta. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano, vidole vimeanza kuuma. Thelathini. Haijakatika. Hapo imefika mara tatu ya urefu wake, na hilo ndilo sharti la kwanza. Naiachia. Sharti la pili linataka niivute mara mbili tu, yaani mpaka 20, niiachie, halafu ndani ya dakika 5 iwe imerudi na isizidi mara moja na nusu ya urefu wa mwanzo. Kwa hesabu yetu, isizidi sentimita 15. Haya, ishirini, naachia, nailaza kando ya rula. Na ndala nayo, tuanze na sharti hili la pili, tusije tukaiua mapema: alama zake pia ni sentimita 10, navuta taratibu hadi 20, naachia. Saa ya ukutani inasema na dakika kumi na mbili. Tukutane na kumi na saba.

Tukiwa tunasubiri, niwaambie mtihani huu umetoka wapi. Uko kwenye Maelezo ya 4 ya sura ya 40 ya kitabu kinachotumiwa na forodha za karibu dunia nzima. Sisi tuliokaa bandarini tunakiita HS, basi. Mkataba wake ulikubaliwa Brussels mwaka 1983, ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1988, na kila baada ya miaka mitano hivi Shirika la Forodha Duniani hukipitia na kutoa toleo jipya. Toleo linalotumika sasa ni la 2022. Kina sura 97, ingawa ukizihesabu utapata 96, maana sura ya 77 imeachwa tupu kwa matumizi ya baadaye, kama chumba cha mgeni ambaye miaka yote hii hajafika. Plastiki zimepewa sura ya 39, mpira sura ya 40. Ni majirani wa ukuta mmoja, na ugomvi wao ni ugomvi wa majirani wa ukuta mmoja.

Kiswahili hapa hakimsaidii afisa hata kidogo. Mpira kwetu ni mti. Ni utomvu wa huo mti. Ni kile kinachowafanya watu wa Simba na Yanga wanuniane wiki nzima. Ni bomba la kumwagilia bustani. Na ukienda duka la dawa ukaomba mpira bila kufafanua, utapewa kitu kingine kabisa na muuzaji atatazama pembeni. Pwani hii watu walikuwa wakigema utomvu wa mitambaazi ya porini na kuuza nje kabla Mjerumani hajaweka bendera. Alipokuja, akapanda mashamba makubwa ya mpira wa Ceara upande wa Tanga na Muheza, na mwaka 1913 bei ikaporomoka kwa sababu ya mashamba ya Asia, haya ya kwetu yakabaki pori.

Wajerumani haohao ndio walioutafuta mpira usio na mti kwa bidii kuliko wengine. Mwaka 1929 wanakemia wao wawili, Walter Bock na Eduard Tschunkur, waliunganisha butadieni na stairini, ikapatikana aina ambayo leo ulimwengu wa matairi unaiita SBR. Wao waliuita mpira wao Buna, herufi za butadieni na natriumu. Kisha vita. Japani ilipoiteka Malaya na visiwa vya Indonesia mwanzoni mwa 1942, Marekani na Uingereza zikajikuta zimefungiwa nje ya mashamba yaliyokuwa yakitoa sehemu kubwa mno ya mpira wa dunia. Hapo Marekani ikajenga viwanda vya mpira wa kutengenezwa kwa kasi ya mtu ambaye nyumba yake inaungua. Baada ya vita kazi hiyo haikukoma, na leo mpira huo unasafiri kwenye marobota, kwa kawaida kilo 35 hivi kila moja, limefungwa kwenye karatasi laini ya plastiki. Karatasi hiyo haivuliwi. Robota linatupwa nayo kwenye mashine ya kuchanganyia, inayeyukia humohumo.

Sasa, tatizo la watu wa Brussels lilikuwa hili. Kiwanda kinaweza kutengeneza vitu mia vinavyovutika. Kipi ni mpira na kipi ni plastiki yenye tabia ya mpira? Wakasema: tutazame kama kinaiva kwa salfa. Mkulima wa korosho wa Mtwara anaijua salfa, anaipulizia mikorosho kuzuia ubwiri unga. Salfa hiyohiyo ukiitia kwenye mpira mbichi ukaupasha moto, inashikanisha nyuzi zake zisiteleze tena. Charles Goodyear, Mmarekani, aliligundua jambo hilo mwaka 1839, na fundi pancha wa mtaani kwako anayechoma kiraka kwa moto yuko kwenye kazi ileile. Mpira ukishaiva haurudi nyuma. Plastiki nyingi ni samli: ipashe iyeyuke, iache igande, ipashe tena. Mpira ulioiva ni yai la kuchemsha.

Kwa hiyo kitabu kinataka mambo matatu kwa pamoja. Kitu kiwe na uwezo wa kuiva kwa salfa na kisirudi kuwa cha kuyeyuka. Kivutike mara tatu bila kukatika. Kivutwe mara mbili, kirudi. Na vyote hivyo vifanyike kwenye joto la kati ya nyuzi 18 na 29. Hapo huwa nacheka. Walioandika hawakuwahi kusimama Kariakoo saa nane mchana mwezi wa Februari. Ukiufanyia mtihani huu barabarani siku hiyo, majibu yako hayana nguvu ya sheria.

Saa ya ukutani imefika. Tyubu: kutoka alama hadi alama, sentimita 10 na milimita mbili, labda tatu, macho yangu si ya jana. Imefaulu bila jasho. Ndala: sentimita 11 na kidogo. Nayo imefaulu, msinicheke. Lakini bado inadaiwa sharti la kwanza. Navuta. Kumi na nane. Ishirini na moja. Ishirini na tatu... Mmesikia. Imekatika, na kipande kimoja kimerukia kwenye kikombe cha chai cha mtangazaji mwenzangu, samahani sana ndugu yangu.

Ndala za aina hii hutengenezwa kwa povu la plastiki iitwayo EVA, na EVA makazi yake ni sura ya 39. Kwa hiyo ukiagiza EVA ya kutengenezea ndala na jirani yako akaagiza SBR ya kutengenezea ndala, mnasimama kwenye sura mbili tofauti. Kichekesho ni kwamba ndala zenyewe zikishakuwa ndala, zinakutana tena: kifungu cha 64.02 kinapokea viatu vya soli na sehemu ya juu za mpira au plastiki, bila kuuliza ni kipi.

Nikiri jambo moja kabla mwanakemia hajapiga simu. Mtihani wangu si wa kisheria. Tyubu yangu ina masizi ndani yake, ndiyo maana ni nyeusi, na kitabu kinataka kipande cha mtihani kisiwe na kijazo chochote, wala kilainishi. Kiwe mpira wenyewe na vile tu vinavyohitajika kuuivisha. Maabara huchukua sampuli ya mpira mbichi, huuivisha yenyewe, ndipo huuvuta.

Mtihani huu unawaangusha hata wenye jina kubwa. Silikoni, kwa mfano. Mwambie mama yeyote jikoni kuwa mwiko wake wa silikoni si mpira, atakuuliza kama umelala vizuri. Lakini silikoni haiivi kwa salfa, basi ikiwa ghafi inawekwa na plastiki, kifungu cha 39.10. Matokeo yake yanafika mpaka kwenye kitanda cha mtoto. Chuchu ya chupa ya rangi ya kahawia, ya mpira, iko kifungu cha 40.14. Ile nyeupe inayopenya mwanga, ya silikoni, inarudi kwa plastiki, 39.24. Mtoto ananyonya zote.

Au chukua ndugu wawili wanaofanana sana majina, EPM na EPDM. Wote wamezaliwa na ethilini na propilini. Tofauti ni ile herufi D: mwenye D ameongezewa kiasi kidogo cha kitu kinachomwachia mikono ya kushikia salfa. Huyo anaiva, anaingia sura ya 40, kifungu kidogo cha 4002.70, na ndiye yule mpira mweusi unaozunguka mlango wa gari lako kuzuia mvua. Asiye na D hana mikono, salfa inapita haioni pa kushika, na safari yake inaishia sura ya 39. Karani akisahau herufi moja kwenye ankara, mzigo umehama sura.

Hapo tumevuka ukuta wa kwanza. Ukuta wa pili uko ndani ya nyumba ya mpira yenyewe, na kwa maoni yangu huo ndio unaokula fedha za watu.

Kifungu cha 40.02 ni cha mpira wa kutengenezwa ukiwa bado mbichi na msafi. Ukishatiwa salfa, au rangi, au kijazo, au masizi ya kuukaza, unatoka hapo na kuhamia 40.05, nyumba ya mpira uliochanganywa. Si lazima uwe umeiva. Ukichanganywa tu, umehama. Halafu kuna msamaha mmoja ambao wengi hawaujui: mafuta ya madini. Ipo SBR inayojulikana sokoni kwa namba 1712, imetiwa mafuta sehemu 37.5 kwa kila sehemu 100 za mpira. Zaidi ya robo ya robota ni mafuta! Na bado inabaki 40.02, kwa sababu kitabu kimeutaja mpira uliorefushwa kwa mafuta kuwa halali. Lakini tia masizi kidogo, hamia 40.05. Usitafute haki ya mizani hapo. Wametazama kazi inayofanywa na kile kilichotiwa, hawakutazama kilo.

Wenye karakana za kuvika matairi upya wanalijua hili kwa maumivu. Ukanda wa mpira mbichi wa kuvikia tairi, ambao utaivia juu ya tairi lenyewe, uko 40.06. Ukanda uleule ukija umeshaivishwa, na kashata zake zimeshachorwa, tayari kubandikwa, uko 40.12 pamoja na matairi yaliyotumika. Upana ule, weusi ule, safari ileile ya gurudumu la lori la Tunduma.

Kwa nini inauma? Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umejengwa kwa ngazi. Kwa kawaida malighafi ni asilimia 0, bidhaa za kati 10, bidhaa zilizokamilika 25, na tangu tarehe 1 Julai 2022 ikaongezwa ngazi ya nne, 35. Viwango vya kila namba sitavitaja, maana kila Juni nchi zetu hukaa na kutoa Gazeti la Jumuiya, huyu akaomba mwaka mmoja wa asilimia 0 badala ya 10, yule akaomba 35 badala ya 25, na ukinikariri leo utanidai kesho. Ila hesabu yenyewe ni ya wazi. Chukua mzigo uliofika bandarini ukiwa na thamani ya shilingi milioni 100, nauli na bima ndani. Ukiangukia asilimia 0, unalipa VAT ya asilimia 18, milioni 18. Ukiangukia 10, unalipa ushuru milioni 10, halafu VAT inahesabiwa juu ya milioni 110, milioni 19.8. Jumla 29.8. Ukiangukia 25, ushuru 25, VAT 22.5, jumla milioni 47.5. Ushuru unazaa VAT, na tozo nyingine ndogondogo sijazigusa. Utaniambia VAT mwenye kiwanda anairejesha baadaye. Sawa, lakini anailipa leo, na mishahara ya wafanyakazi haisubiri baadaye.

Na ngazi hiyo ikishakuwepo, watu watatafuta njia ya kukaa chini ya ngazi. Mfano wake mzuri hauko kwetu, uko Uchina.

Uchina inatumia mpira mwingi kuliko nchi yoyote, na ina wakulima wake wa mpira wa kuwalinda. Mpira ghafi wa mti ukaingia kwa ushuru. Mpira uliochanganywa, ule wa 40.05, kutoka Thailand, Malaysia na majirani zao ukaingia bure chini ya mkataba wa biashara huria. Wafanyabiashara wakaelewa mara moja. Wakachukua mpira wa mti, wakautia dawa kiasi cha chumvi kwenye sufuria ya harusi, wakauita uliochanganywa. Serikali ikaona. Ikaweka kiwango kipya kilichoanza tarehe 1 Julai 2015: mpira wowote unaoitwa uliochanganywa usiwe na zaidi ya asilimia 88 ya mpira ghafi. Mlango ukafungwa. Na hapo ndipo wafanyabiashara wakafungua ukurasa mwingine wa kitabu, kifungu kidogo cha 4002.80, kilicho chini ya mpira wa kutengenezwa. Kinasema: mchanganyiko wa mpira wa mti na mpira wa kutengenezwa. Kiasi gani cha huu na kiasi gani cha ule? Kitabu hakikusema. Basi wakachukua mpira wa mti kama asilimia 97, wakatia SBR kidogo, na meli zikaendelea kushusha mzigo kwenye bandari ya Qingdao. Kitu kilichotoka karibu chote kwenye titi la mti wa Thailand kinaandikwa kwenye takwimu za dunia chini ya mpira usiotoka kwenye mti.

Kuna wanaoita huo udanganyifu. Mimi siwezi. Walisoma kilichoandikwa wakafanya kilichoandikwa. Nikilaumu, namlaumu aliyeandika kifungu bila kiasi, na hata huyo namhurumia, maana nani angefikiria.

Kwetu huku shida si ujanja wa namna hiyo. Ni uvivu wa karatasi, na hapa nazungumza kama mtuhumiwa. Kabla ya kukalia kiti hiki cha redio nilikuwa wakala wa forodha kwa miaka mingi. Mteja wangu mmoja, mwenye kiwanda kidogo cha soli za viatu, aliagiza kontena la mpira wa butadieni. Ni mpira mzuri kwa soli, mgumu kulika na lami. Kifungu chake ni kidogo na safi, 4002.20. Ankara ikaja kutoka kwa muuzaji, na karani wa huko, sijui alikuwa anawaza nini, akaandika kwa ufupi kwamba ni mpira uliochanganywa. Mimi nikaisoma. Nikaona marobota ni meupe, nikajiambia mpira uliochanganywa ni mweusi, kila mtu anajua, afisa ataona mwenyewe. Nikajaza 4002.20 nikaituma.

Afisa akaiona ankara. Akaniuliza: wewe umeandika mbichi, muuzaji wako ameandika uliochanganywa, nimwamini nani? Nikamwambia, mheshimiwa, tazama rangi. Akanijibu kwa upole ambao bado unanichoma: silika ni nyeusi?

Nilinyamaza. Kijazo cha mpira si masizi peke yake. Kuna silika, unga mweupe kama unga wa sembe, unaotiwa hata kwenye soli za viatu vya rangi, na kifungu kidogo cha 4005.10 kimeitaja kwa jina, bega kwa bega na masizi. Robota jeupe linaweza kuwa limejaa silika na jicho lisijue. Ningekuwa na karatasi moja tu, karatasi ya muuzaji inayoeleza kilichomo ndani ya bidhaa kwa asilimia, tungemaliza saa ileile. Sikuwa nayo. Sikuwahi kuiomba.

Basi sampuli. Kibarua akaletwa na kisu kikubwa, akakata robota, kisu kikaganda katikati kama kimeshikwa na mkono. Akavuta, wapi. Mzee mmoja mpakuzi aliyekuwa amekaa kivulini akasema bila kuinuka, mpira mbichi haukatwi kwa nguvu, lowesha kisu. Wakamwagia maji ya chupa kwenye bapa, kisu kikapita kama kwenye jibini. Vikatoka vipande viwili vya ukubwa wa ngumi. Kimoja kikafungwa lakiri kwenda maabara. Cha pili afisa akanipa, akasema weka, ukumbuke.

Siku za bure za kontena zikaisha. Gharama za kuhifadhi mzigo zikaanza kuhesabu, na za kuchelewesha kontena la watu zikahesabu pembeni yake. Mteja alikuwa akinipigia asubuhi na jioni, mwanzo akiniita ndugu, baadaye akiniita wewe. Vijana wake kiwandani walikaa siku kumi bila malighafi. Majibu yalipokuja yalikuwa ya mistari michache: sampuli imechomwa, majivu yaliyobaki ni kiduchu sana, hakuna kijazo. Mpira wa butadieni, 4002.20, kama nilivyojaza. Nilikuwa nimesema kweli tangu siku ya kwanza, na ile kweli iligharimu zaidi ya ada yangu ya mwaka mzima kwa mteja yule. Sehemu nililipa mimi. Hakunipa kazi tena.

Tangu siku ile kila aliyenifuata nilimpa sharti moja kabla hajalipa hata senti ya mzigo: leta karatasi ya kilichomo, na kama huna uhakika, tuombe uamuzi wa awali. Hilo watu hawalitumii na lipo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu, na mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kazi tarehe 22 Februari 2017, unazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu huo. Unaandika, unaeleza bidhaa yako, unaambatanisha maelezo na sampuli, unauliza: hiki namba yake ni ipi? Forodha inakujibu kwa maandishi, na jibu hilo linaifunga. Mzigo bado uko kwa muuzaji, kontena halijapakiwa, hakuna saa inayohesabu. Na ukiwa hukubaliani na uamuzi uliotolewa mzigo ukiwa umeshafika, una siku 30 za kuomba upitiwe upya. Wengi husubiri mpaka siku ya 40, wakaja na barua ya kulalamika.

Kile kipande cha pili ninacho hadi leo. Kiko mezani kwangu nyumbani, kinazuia karatasi zisipeperushwe na feni. Kilipokatwa kilikuwa na kona kali. Miaka imepita, hakuna aliyekikandamiza wala kukikanyaga, na kona zote zimekwisha. Kimejilaza chenyewe, kimetanuka upande wa chini kama andazi lililokosa hamira, na ukikiinua utaona chini yake mistari ya ubao wa meza imejichora yote, mpaka fundo la mti. Mpira mbichi hufanya hivyo. Hata hauhitaji moto, unatiririka polepole hivyohivyo ulivyo, kwa sababu hakuna salfa iliyozishika nyuzi zake. Mjukuu wangu aliniuliza juzi kama hicho ni mpira, mbona hakirudi. Nikamwambia ndiyo, ni mpira, 4002.20. Akaenda kuchukua ule wa kwake wa kuchezea.